Uko Mombasa? Andika KE

Kuna ushauri unaozunguka kwa vijana wetu wanaotumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kila nikiusikia damu hunichemka. Waifai ikisumbua, wanaambiwa wafungue terminali, dirisha la kuandikia amri, waandike `sudo iw reg set US`, amri inayoiambia kompyuta kwamba iko Marekani, badala ya KE, msimbo wa Kenya. Wengine huambiwa BO, yaani waiambie kompyuta kwamba iko Bolivia, eti huko mawimbi yanaruhusiwa nguvu zaidi. Mtu yuko Tudor, anasikia adhana ya msikiti wa mtaani kwao, na laptopu yake inaamini iko Amerika Kusini. Ushauri huu ni mbaya, na anayeumia ni yule anayeufuata kwa nia njema.

Juzi binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, alinijia na laptopu ya mitumba iliyowekwa Linux Mint. "Shikamoo ami. Simu ya mama inaiona waifai ya nyumbani, hii yangu haiioni kabisa." Mwanzo ilikuwa ikiiona kwa kubahatisha, mara ipo, mara haipo. Akauliza wenzake, akaambiwa aandike US. Akaandika, tena akaiweka kwenye faili ili ibaki hata akizima. Tangu hapo ikapotea moja kwa moja. Duka moja mjini lilishamwambia kadi ya waifai imekufa, anunue nyingine ya USB.

Kadi ilikuwa nzima. Ruta ya kwao ilikuwa imejichagulia chaneli 13, mojawapo ya njia za mawimbi ya waifai. Nilimfungulia `iw list`, amri inayoonyesha uwezo wa kadi, tukashuka pamoja hadi kwenye orodha ya masafa. Megahezi 2462, chaneli 11: sawa. Megahezi 2467, chaneli 12: disabled, yaani imefungwa. Megahezi 2472, chaneli 13: disabled. Ndiyo hiyo. Katika hifadhidata ya Linux yenye kanuni za mawimbi za kila nchi, Marekani huishia chaneli 11 kwenye gigahezi 2.4. Alipoandika US, kerneli, kiini cha Linux, ilitii: ikaziba masikio kwenye chaneli ileile ambayo ruta ya mama yake ilikuwa inazungumzia. Tukaiondoa US kwenye faili, tukaandika KE, tukawasha upya. Lile neno disabled likaondoka kwenye mistari yote miwili, na jina la waifai yao likatokea.

Basi kwa nini mwanzo ilikuwa ikiiona kwa kubahatisha? Kwa sababu kompyuta isiyoambiwa iko nchi gani hukaa kwenye 00, kanuni za dunia nzima, zilizotungwa zisivunje sheria ya nchi yoyote. Chini ya 00, chaneli 12 na 13 ni za kusikiliza tu: kadi hairuhusiwi kuita, inangoja ruta ijitangaze yenyewe. Kwenye gigahezi 5 ndiyo kabisa, hata hotspoti huwezi kuifungua. Ukiandika `iw reg get` ukaona `country 00`, hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujamlaumu mtu au kununua kifaa.

Sasa hili la nguvu, maana ndilo linalowavutia wengi. Wanaamini BO itaifanya waifai ifike mbali. Kwanza, kadi ina kikomo chake kilichowekwa kiwandani, na kerneli haivuki hapo hata ukiiambia uko mwezini. Pili, mawasiliano ni ya pande mbili. Ukipaza sauti, mwenzako atakusikia, lakini wewe hutamsikia vizuri zaidi kwa sababu umepiga kelele. Ruta iliyo nyuma ya kuta mbili za nyumba ya mawe ya Mji wa Kale haiongezeki nguvu hata chembe kwa sababu laptopu yako imejiita ya Bolivia. Kuta zile ni nene, na gigahezi 5 huzipita kwa taabu kuliko 2.4. Dawa yake ni kuisogeza ruta au kuongeza nyingine upande wa pili.

Nakubali jambo moja, ingawa silipendi: mtu aliyekuwa kwenye 00 akahamia US huona afueni kwenye gigahezi 5, kwa kuwa US imefungua chaneli 149 hadi 165. Ndiyo maana ushauri huu haufi. Umemsaidia mmoja, naye anawapa kumi.

Lakini msimbo wa nchi hauishii kwako. Ukiigeuza kompyuta yako kuwa ruta kwa programu ya hostapd, ukaandika `country_code=US` na ukawasha ieee80211d, chaguo la kutangaza nchi, kila tangazo linalotoka hewani linabeba herufi hizo mbili. Kompyuta ya Linux ikijiunga nayo husoma nchi iliyotangazwa na kujipanga kwayo. Kadi nyingi za Intel zina tabia ya kujisimamia zenyewe: `iw reg get` itakuonyesha `self-managed`, na KE utakayoandika haitaigusa, kwa sababu hujitafutia nchi kwa kusikiliza mazingira. Zamani kulikuwa na chaguo la `lar_disable` la kuizima tabia hiyo. Kerneli za miaka ya karibuni zimeliondoa. Sasa fikiria jengo la ghorofa la Mombasa, familia juu ya familia, ruta zimepangana, na moja wapo imetoka ng'ambo ndani ya sanduku la mgeni au imewekwa US na kijana aliyeshauriwa vibaya. Jirani wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kusikia neno Linux, anabeba matokeo. Hili ndilo linaloniuma. Hewa ya jengo ni ya wote waishio humo, na msimbo wa nchi ni habari unayowapa wenzako. Wape habari ya kweli.

Mkiwa mmeshaunganishwa na ruta inayotangaza US, kisha ukaandika KE, usishangae kuona `country 98`. Maana yake kerneli imepewa kauli mbili na imechukua yale tu ambayo zote mbili zinayaruhusu. Wa kurekebishwa hapo ni ruta.

Kwa aliyekwama leo: `sudo iw reg set KE` hupotea ukiwasha upya. Tengeneza faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`, uweke mstari `options cfg80211 ieee80211_regdom=KE`. Ikigoma, tazama `dmesg`, kumbukumbu za kerneli; ukikuta inalalamika kushindwa kupakia `regulatory.db`, sakinisha kifurushi cha wireless-regdb, maana bila hifadhidata hiyo KE ni herufi tupu. Na ikiwa chaneli za kati za gigahezi 5 zinachelewa kufunguka, hiyo ni kanuni ya rada: ruta hutakiwa kusikiliza kwanza kama kuna rada kwenye masafa hayo, dakika nzima kwa kawaida. Meli za Kilindini hazihusiki. Rada zao huwa kwenye gigahezi 3 na 9.

Nina neno pia na wanaotengeneza distro, yaani matoleo ya Linux. Usakinishaji unaniuliza lugha, kibodi, na saa za wapi. Nabofya ramani, nachagua Nairobi. Halafu waifai inaachwa kwenye 00 kana kwamba sikusema kitu. Fedora wana skripti inayochukua nchi kutoka kwenye saa uliyochagua. Raspberry Pi OS huifunga waifai mpaka uitajie nchi. Inaudhi siku ya kwanza, lakini ni sahihi. Wengine watajibu kwamba saa za Nairobi ndizo za Dar es Salaam, Kampala, Mogadishu na Antananarivo, kwa hiyo haziwezi kuthibitisha nchi. Haya, ni kweli. Basi ulizeni. Swali moja, orodha moja ya nchi, na yule binti asingeambiwa anunue kadi.

Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa Mombasa mwaka 2009. Intaneti ya sehemu kubwa ya ukanda huu inaingilia mlangoni kwetu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo inayopanga masafa ya nchi hii. Hatuna sababu ya kuazima nchi ya mtu.

Na kama mistari ya KE ndani ya hifadhidata ina upungufu, au imepitwa na uamuzi wa Mamlaka, njia ya kuirekebisha iko wazi. Chanzo chake ni faili moja ya maandishi matupu, `db.txt`: nchi, masafa, upana, nguvu. Watunzaji hupokea marekebisho kutoka kwa yeyote anayeweza kuonyesha hati rasmi ya nchi husika. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, mnaosoma mawasiliano na kompyuta, itafuteni hati ya Mamlaka, muilinganishe na mistari ya KE mmoja baada ya mwingine, na penye kosa mtume marekebisho. Yakikubaliwa, yatafika kwenye kila Linux ya Kenya itakayosasishwa baada ya hapo.