Nani kasema Thonny ni ya watoto?

"Samahani ticha, hawa waandishi ndio akina nani?"

Binti aliyeuliza alikuwa na wiki mbili tu kwenye darasa letu la kuandika programu la Jumamosi, pale Sinza. Alikuwa amefungua VS Code, kihariri (programu ya kuandikia programu nyingine), na kuchagua folda aliyoiunda mwenyewe, yenye faili moja aliyoiandika mwenyewe. Papo hapo kikatokea kisanduku katikati ya skrini: je, unawaamini waandishi wa faili zilizomo humu? Mwandishi ni yeye. Akabonyeza "hapana" ili awe salama, kama tunavyoambiwa kila siku kuhusu ujumbe wa simu tusiojua umetoka wapi. VS Code ikaingia kwenye hali ya tahadhari, ikazima baadhi ya kazi zake, na somo likasimama.

Kisanduku hicho kina sababu. Kiliwekwa mwaka 2021 kwa kuwa folda uliyoipata kutoka kwa mtu baki inaweza kubeba kodi (maagizo kwa kompyuta, si ile ya TRA) inayoanza kufanya kazi bila wewe kujua. Kwa aliyezoea, ni kinga. Kwa binti yule lilikuwa swali la kwanza ambalo kompyuta imemuuliza, nalo likamshinda.

Hapa Dar, mjadala wa mwanafunzi aanze na kihariri gani huwa unafungwa kabla haujachangamka. Aanze na kitu cha kazini, yaani VS Code, basi. Thonny, kihariri kingine, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza Python (lugha ya kuandikia programu), wanaiita ya watoto. Nimewahi kumwona kijana akiishusha haraka kwenye skrini rafiki yake alipopita nyuma yake.

Wanaosema hivyo wana hoja. VS Code ni ya bure. Leo unaandika HTML ya kurasa za tovuti, kesho JavaScript, keshokutwa Python, na dirisha ni lilelile. Ukipata nafasi ya kujitolea kwenye kampuni, uwezekano ni mkubwa utaikuta huko. Na kuzoea zana mbili ni muda, na muda wa mtu anayepanda daladala mbili kuja darasani una gharama.

Kisha inaletwa takwimu, na hapo ndipo huwa nachoka. Katika utafiti wa mwaka 2024 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, uliojibiwa na zaidi ya watu 65,000, asilimia 73.6 ya waliojibu swali la vihariri walisema wanatumia VS Code. Asilimia 73.6! Inatajwa kana kwamba imemaliza kesi. Lakini waulize madereva wa malori ya Dar kwenda Tunduma wanaendesha gari gani, watakujibu lori. Hakuna anayetokea hapo na kumpeleka mwanafunzi wa udereva kwenye lori lenye tela. Utaambiwa kwamba hata wanaojifunza, wengi hutaja hiyohiyo. Kweli, wanaitaja. Hiyo inatuambia wameweka nini kwenye kompyuta zao, haituambii wameelewa nini. Na yule aliyekata tamaa wiki ya tatu, akaiuza laptopu yake ya mtumba, hakujaza dodoso la mtu yeyote. Kila nikiiona namba ile, namfikiria yeye.

Nitoe mfano mmoja. Tulikuwa tunaandika programu ya kondakta: nauli ni 600, unaingiza idadi ya abiria, inakupa jumla. Kijana akaingiza 30, akitegemea 18,000. Skrini ikajaa 303030303030, mistari kwa mistari. Tarakimu 1,200. Akatoa mikono kwenye kibodi kama aliyeguswa na umeme. "Ticha, nimeiharibu."

Hakuwa ameharibu kitu. Kinachoingizwa kwa kibodi, Python hukipokea kama maandishi, na maandishi "30" ukiyazidisha kwa 600 yanarudiwa mara 600. Ningeweza kumweleza hivyo akatikisa kichwa bila kuelewa. Badala yake tuliiendesha hatua kwa hatua ndani ya Thonny. Hesabu inayopigwa inawekwa kwenye kisanduku. Neno nauli linageuka 600 mbele ya macho yako, kisha abiria linageuka '30', likiwa na vialama vyake pembeni. Akainama karibu na skrini. "Mbona hii ina vialama na ile haina?" Sikuwa na la kuongeza.

VS Code nayo inaweza kumwonyesha vialama hivyo, tusiionee. Ila mpaka afike hapo lazima kwanza aweke Python yenyewe, kisha nyongeza ya Python, kisha ajibu anataka kutafuta makosa kwa mpangilio upi, yote kwa Kiingereza cha kiofisi, na bando linakatika. Thonny ya Windows inakuja na Python ndani yake. Kwa kijana aliyesoma msingi kwa Kiswahili na mwenye mashine ya gigabaiti 4, tofauti hiyo si ndogo.

Siku hizi kuna na yale maandishi ya kijivu. Tangu Desemba 2024 Copilot, msaidizi wa akili mnemba, ina kiwango cha bure ndani ya VS Code. Ukiiwasha, inamalizia mstari kwa maandishi hayo kabla hujaufikiria. Fundi inamwokolea muda. Anayeanza inamnyang'anya lile kosa la 303030, ambalo mimi nalithamini kuliko somo zima la siku ile.

Wanaokuja kutengeneza tovuti siwapitishi Thonny hata siku moja. Ni ya Python, na wao wanataka HTML leo. Waliobaki tunahamia VS Code siku programu ya mtu inapogawanyika kuwa faili tatu na akaanza kupotea ndani yake. Siku hiyo nazima maandishi ya kijivu, nawasha faili zijihifadhi zenyewe, na kile kisanduku cha waandishi tunakisoma kwa sauti, neno kwa neno, kabla mtu hajagusa kitufe.