Saini ya dola 40, hundi ya dola 47

Kwetu ukikutana na msanii unamwomba selfie, anasimama, mnacheka, mnaachana. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akisikia kwamba huko Marekani mzee aliyecheza muuaji miaka 50 iliyopita anakaa nyuma ya meza ukumbini na kutoza dola 40 kwa saini, wazo la kwanza ni kwamba huyu ana njaa. Wamarekani wenyewe husema hayo hayo kila zinapowadia wikiendi za mashabiki wa filamu za kutisha, Cherry Hill kule New Jersey au Dallas.

Lawama hizo si za bure. Kiingilio unalipa mlangoni, saini unalipa mezani, picha ya pamoja mara nyingi ina bei yake, na maongezi hayafiki mbali kwa sababu foleni inakusukuma mgongoni.

Ila wanaoishia hapo hawaulizi filamu zenyewe ziliwalipa nini waigizaji. Chukua The Texas Chain Saw Massacre ya 1974. Gunnar Hansen, aliyecheza jitu lenye kinyago na msumeno wa mnyororo, alipiga kazi kwenye joto kali la Texas akiwa na nguo zile zile wiki baada ya wiki, zisifuliwe, maana zilitiwa rangi na hapakuwa na za akiba. Tukio la chakula cha jioni lilirekodiwa kwa zaidi ya saa 26 mfululizo. Mrija wa damu bandia ulipogoma, Hansen alimchanja kidole kwelikweli mwigizaji mwenzake Marilyn Burns ili kazi iishe.

Kwa kuwa pesa taslimu ilikuwa kidogo, waigizaji waliahidiwa hisa. Hawakuambiwa kwamba kampuni waliyopewa hisa ilimiliki nusu tu ya filamu. Msambazaji naye alibana mapato mpaka wakafikishana mahakamani. Hundi ya kwanza ya mgao aliyopokea Hansen ilikuwa ya dola 47 na senti 7.

Hizo senti 7 zinaniuma kuliko dola zenyewe, maana zinaonyesha kuna mtu alikaa akapiga hesabu kwa makini kabisa, akaridhika. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 30. Najua hayo ni mapato ya tiketi, si faida, na hundi ile ilikuwa ya kwanza tu. Punguza utakavyo: kwa saini ya dola 40, mashabiki wawili tu mezani wangempa Hansen zaidi ya alichopewa na hundi hiyo. Alikaa kwenye meza hizo miaka mingi, Burns vilevile, mpaka walipofariki, Burns 2014 na yeye 2015.

Night of the Living Dead ya 1968 ndiyo kabisa. Jina lake lilibadilishwa dakika za mwisho, alama ya hakimiliki ikasahaulika kwenye nakala mpya, na filamu ikawa mali ya yeyote. Kituo chochote cha televisheni kingeweza kuirusha bila kumlipa mtu. Mrabaha wa waigizaji wake ungetoka wapi, kama si mezani?

Halafu kuna wasiokuwa na sura. Kane Hodder alimcheza Jason, muuaji wa filamu za Friday the 13th, mara nne akiwa amefunikwa uso, na ilipotengenezwa Freddy vs. Jason, iliyotoka 2003, nafasi yake akapewa mtu mwingine. Studio iliona kinyago kinatosha. Mashabiki hawakuona hivyo: wanapanga foleni, Hodder anawakaba koo kwa ajili ya picha, nao wanatoa macho kwa furaha. Anayeita huo utapeli aniambie aliyetapeliwa ni nani.

Panaponitia shaka ni pengine. Siku hizi waandaaji huleta nyota wakubwa wa televisheni, wengi kwa malipo ya uhakika yaliyokubaliwa kabla, na saini zao hupita dola 100. Shabiki mwenye bajeti ya wikiendi nzima anaimaliza kwenye foleni ya kwanza. Yeye atarudi nyumbani na picha yake. Anayeumia ni mwigizaji wa filamu ya bei chee ya 1981, aliyewekwa meza ya pembeni bila dhamana yoyote, ambaye hoteli na usafiri amejilipia mwenyewe.