Kitabu cha sauti: mwendo ni wa nani?

Wapenzi wa vitabu wakikutana, hoja hii haikosi kuzuka: mtu aliyemaliza riwaya nzima kwa kuisikiliza kwenye simu, je, tuseme ameisoma? Upande mmoja husema huyo amesikia tu, tena kwa uvivu. Upande wa pili hujibu kwamba hadithi ni ileile, maneno ni yaleyale, na sikio si duni kuliko jicho. Kwa maoni yangu wote wawili wanabishania jambo dogo. Jambo kubwa ni mwendo. Kitabu cha karatasi hufuata mwendo wa msomaji, kitabu cha sauti hufuata mwendo wa msimulizi. Raha ya kusikiliza inatoka hapo, na hasara zake nyingi zinatoka hapohapo.

Nianze na raha. Mtu anayepanda daladala Mbagala alfajiri kwenda Posta hawezi kufungua kitabu. Amesimama, mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umebana mkoba kifuani, na macho yanachunga kituo. Kilicho huru ni masikio. Hali ni hiyohiyo kwa fundi cherehani, kwa dereva wa lori anayeitafuta Tunduma, na kwa mama anayechambua mchele. Watu hawa hawakuacha vitabu kwa uvivu. Siku yao haina saa ambayo macho na mikono vimepumzika kwa pamoja, na ikipatikana, basi ni usiku, usingizi umeshawashinda. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kusikiliza si kusoma ni kumfungia mlango ambao ndiyo kwanza umefunguka.

Na hadithi, kwa kweli, hupenda kuchukuliwa na sauti ya mwingine. Tazama simulizi za sauti zilivyojaa YouTube kwa Kiswahili: za mapenzi, za kijasusi, za uchawi, zimekatwa sehemu ya kwanza, ya pili, hadi ya arobaini, muziki ukipiga taratibu kwa chini. Msimulizi hushusha sauti mlango unapofunguliwa usiku, hunyamaza kidogo kabla ya jina la muuaji, kisha anakuaga pale pale ulipokuwa na hamu zaidi. Wapo wanaozibeza kwa kuwa lugha yake mara nyingine ni ya haraka na visa vinafanana. Mimi ninaona jambo jingine. Humo wamo wasikilizaji ambao hawajanunua riwaya tangu watoke shuleni, nao wanafuata kisa cha saa nane bila kuchoka, wanakumbuka wahusika, na kwenye maoni wanabishana nani alimsaliti nani.

Tena sisi si wageni wa jambo hili. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na haukutungwa ili mtu ajifungie chumbani ausome kimyakimya. Ulitungwa uimbwe mbele ya watu. Vivyo hivyo utenzi ambao Mwana Kupona aliuandika mwaka 1858 kumuusia binti yake. Ubeti wa utenzi ni vipande vinne vya mizani nanenane: vitatu vya mwanzo vina kina chao, na cha nne kinafungwa na kina kinachorudi hadi mwisho wa utungo. Ukiutazama ubeti huo kitabuni, macho yanauona mfupi, yanaukimbia. Ukiusikia kwa mghani anayeijua kazi, kile kina cha mwisho kinarudi kila baada ya pumzi chache, nawe unaanza kukingoja. Ushairi wa kimapokeo uliochapwa bila kurekodiwa umepungukiwa kitu, na hapo sikio linalishinda jicho bila ubishi.

Hata historia ya vitabu vya sauti vyenyewe inawatetea. Havikuanza kwa ajili ya watu wenye haraka. Nchini Marekani, Maktaba ya Bunge ilianza kuwapa wasioona vitabu vilivyorekodiwa mwaka 1934. Mwaka uliofuata Uingereza ilianza huduma yake, na miongoni mwa waliolengwa walikuwa askari waliopoteza macho katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Santuri moja ilibeba dakika 25 hivi kila upande, kwa hiyo riwaya moja ilihitaji santuri kama kumi. Kwa watu wale, kusikiliza ndiyo ilikuwa njia ya kurudi kwenye vitabu, kwa kuwa aliyepofuka ukubwani hupata taabu kujifunza nukta nundu, na kitabu cha nukta nundu chenyewe ni mzigo: kitabu kimoja cha kawaida hugeuka majalada kadhaa mapana. Mjadala wa kama kusikiliza ni kusoma unaweza kuufanya mtu mwenye chaguo. Asiyeona hana muda nao.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa sauti hawapendi kuukalia.

Jicho linaposoma haliendi moja kwa moja. Huruka kutoka neno hadi neno, na kwa msomaji mzoefu kati ya asilimia 10 na 15 ya miruko hiyo hurudi nyuma. Tunarudia bila kujijua: jina limetupita, sentensi imegeuka katikati, tumeona “lakini” tukataka kuhakikisha kilichotangulia. Tunapunguza mwendo penye ugumu na kuongeza penye wepesi. Sikio halina uwezo huo. Msimulizi anasonga. Ukipotea sekunde tano kwa sababu kondakta anadai nauli, hadithi haikungojei. Kitufe cha kurudi nyuma kipo, lakini mpaka uitoe simu mfukoni, ufungue kioo, ubonyeze, usikie sehemu ambayo ulikuwa umeielewa, hamu imekatika, na mara nyingi mtu huamua kuendelea tu akitumaini ataunganisha mbele.

Watafiti wameliona hili. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwalinganisha watu waliosoma kwa sauti, waliosoma kimya na waliosikiliza. Waliosikiliza ndio ambao mawazo yao yalitangatanga zaidi, na walikumbuka kidogo kuliko waliosoma kwa sauti. Wengine wamepata matokeo ya kutia moyo: utafiti wa Berkeley, California, uliochapishwa mwaka 2019, ulipima ubongo wa watu waliosoma na kuzisikiliza hadithi zilezile, ukaona maana ya maneno inahifadhiwa kwa ramani zinazokaribiana sana. Mtu anaweza kuchagua utafiti unaomfurahisha. Unaonishawishi mimi ni uchambuzi wa mwaka 2022 wa Virginia Clinton-Lisell, aliyekusanya tafiti nyingi za aina hii na kuzipima pamoja. Kwa ujumla tofauti ya uelewa kati ya kusoma na kusikiliza ilikuwa ndogo mno kuhesabika. Ila msomaji alipoachiwa kwenda kwa mwendo wake mwenyewe, alimpita msikilizaji, na alimpita pia pale ilipotakiwa kupata maana ambayo haikutajwa waziwazi. Basi tumerudi kwenye mwendo.

Chukua mfano wa masultani wa Zanzibar. Mwandishi anaeleza kwamba Seyyid Said alifariki mwaka 1856, akafuata Majid hadi 1870, kisha Barghash hadi 1888. Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio: Khalifa akafariki 1890, Ali 1893, Hamad bin Thuwaini 1896, na kifo hicho cha mwisho ndicho kilichozua mzozo wa urithi na mizinga ya Waingereza mwezi Agosti mwaka huohuo. Kwenye karatasi aya hii haina shida. Unaona kwamba masultani wanne walifariki ndani ya miaka minane, unafungua ukurasa wa nasaba, unamwona Hamad kwamba ni mjukuu wa Said ilhali wanne waliomtangulia ni wana wake, unarudi kusoma ukijua kwa nini urithi ulikuwa na utata. Sasa isikilize aya hiyohiyo kwenye foleni ya Ubungo. Majina sita na miaka sita vinapita ndani ya nusu dakika, nasaba haisomeki kwa sauti, na mlipuko unapofika, msikilizaji amebaki na picha ya kasri linaloungua bila kujua nani alikuwa anadai nini. Akiulizwa, atasema amekisikiliza kitabu chote, na atakuwa anasema kweli.

Ndiyo maana sikubali pale watu wanapojisifu kwa kitufe cha kuongeza kasi, eti wamemaliza kitabu cha uchumi kwa kasi ya mara mbili huku wakikimbia ufukweni. Kitufe hicho hakikurudishii mwendo wako. Kinampa msimulizi mwendo mwingine, nao ni uleule kwenye kisa chepesi na kwenye hoja nzito. Kitabu cha hoja kinataka usimame, ukikatalie, upige mstari, uandike pembeni “hapa sikubaliani”. Anayekimbia hafanyi hivyo.

Kuna pia suala la msimulizi kuamua kwa niaba yako. Sauti yake inapomfanya mhusika aonekane mkali, wewe huna tena nafasi ya kumsikia mpole. Mara nyingine hilo ni zawadi. Hadithi ya Mombasa ikisomwa na mtu wa Mvita, lahaja inakaa mahali pake na mazungumzo yanapata mwili. Mtu wa bara akiisoma kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, wahusika wote wanageuka watangazaji. Na sasa zimeingia sauti za mashine. Kwa Kiswahili zipo, za matamshi ya Kenya na za matamshi ya Tanzania, na silabi nyingi zinazitamka vizuri. Ugumu unajitokeza kwenye tarakimu: kitabu kikiandika “watoto 3, vikombe 3 na ndizi 3”, msomaji wa Kiswahili anatamka watatu, vitatu, tatu bila kufikiri, wakati mashine isiyofundishwa ngeli inasema tatu, tatu, tatu. Kosa la namna hiyo likirudi kila ukurasa, msikilizaji anaacha kufuata hadithi anaanza kuhesabu makosa.

Kwa watoto na wanafunzi nina wasiwasi wa aina nyingine. Maandishi ya Kiswahili yanafuata matamshi kwa karibu sana, kwa hiyo anayesikiliza hapotei tahajia kama anayesikiliza Kiingereza. Lakini wengi wetu hutamka “zahabu” na “lafiki”, na anayeturekebisha ni maandishi. Mtoto aliyelelewa na sauti peke yake atatujua sisi, hataijua dhahabu. Dawa ni rahisi: asikilize huku kitabu kimefunguliwa mbele yake, kidole kikifuata mstari. Kwa mtoto anayesoma kwa kukwamakwama, sauti humvusha penye maneno magumu bila aibu, na macho yake yanaendelea kujifunza.

Gharama nitaitaja kwa kifupi. Saa moja ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu megabaiti 29, hivyo kitabu cha saa kumi kinakula karibu megabaiti 290. Maandishi yake matupu hayafiki hata megabaiti mbili. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni pesa.

Linaloniuma zaidi ni rafu yenyewe. Ukifungua programu kubwa za vitabu vya sauti utakuta Kiingereza tele, na Kiswahili cha kuokoteza. Kitabu ambacho Mswahili anaweza kukisikiliza chote, bure na kwa usomaji mzuri, mara nyingi ni Biblia au tafsiri ya Qurani, kwa sababu taasisi za dini zilitambua mapema kwamba waumini wao ni watu wa kusikia. Riwaya zetu bora hazijapata bahati hiyo. Hata kwa wasioona, ambao sheria iko upande wao, mambo yanakwenda polepole. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya sauti au nukta nundu kwa ajili yao bila kungoja idhini ya mwenye haki, na Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Ruhusa ipo, anayekaa mbele ya maikrofoni ndiye haba.

Wachapishaji watasema studio ni ghali na soko halijulikani. Gharama ninaielewa: saa moja iliyo tayari huhitaji saa kadhaa za kusoma, kurudia na kusafisha. Hoja ya soko siielewi, kwa maana wasikilizaji wako pale YouTube wanadai sehemu ya arobaini na moja. Baadhi ya wasimulizi hao husoma kazi za watu bila idhini, na hilo ni uvunjaji wa hakimiliki, si la kutetewa. Ila wanajua kusoma, wana vifaa, na wana watu wanaowafuata. Mchapishaji mwenye riwaya nzuri iliyokaa ghalani angeweza kumwita mmoja wao, wakaandikiana mkataba wa kugawana mapato, mwandishi akapata fungu lake, na chini ya kila sehemu likawekwa tangazo la wapi nakala ya karatasi inapatikana kwa bei gani. Aje ajaribu na riwaya moja ya visa, si kitabu cha historia, kisha aangalie wangapi wamefika sehemu ya mwisho.