Kaburi la Arrow lilichimbwa kabla ya marehemu kujulikana

Ukitaka kuwagawa mashabiki wa Arrow, tamthilia ya Marekani kuhusu Oliver Queen, tajiri anayegeuka shujaa wa upinde aitwaye Green Arrow, taja majina mawili tu: Laurel na Felicity, wanawake wawili aliowapenda. Tamthilia yenyewe ilimalizika Januari 28, 2020, baada ya misimu minane na sehemu 170, lakini ugomvi huu haujapoa. Kambi moja inasema Felicity Smoak alibebwa na waandishi mpaka akamnyang'anya Laurel Lance nafasi ya mpenzi wa shujaa aliyopewa tangu kwenye vitabu vya katuni. Kambi ya pili inajibu kwamba Laurel hakuwa na mvuto, na kwamba kifo chake kiliipa tamthilia pumzi. Mimi naona kambi zote mbili zimemkamata asiye na kosa. Wanawake hawa wawili waliharibiwa na kalamu ileile, na ushahidi umo ndani ya sehemu zenyewe.

Tuanzie kaburini. Msimu wa nne ulifunguliwa Oktoba 7, 2015. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza hadithi inaruka miezi sita mbele. Oliver Queen yuko makaburini, Barry Allen, shujaa wa tamthilia ya The Flash, anafika na kuomba radhi kwa kukosa mazishi, na jina lililoandikwa kwenye jiwe hatuonyeshwi. Oliver anasema kazi ya kumuua aliyefanya haya ni yake. Watayarishaji walikiri hadharani kwamba siku tukio hilo linapigwa picha, walikuwa hawajaamua ni nani aliyezikwa pale. Yaani msiba ulitangazwa, matanga yakawekwa, ndipo likaanza kutafutwa jina la marehemu.

Wapo wanaotetea uamuzi huo kwa kusema ndivyo televisheni inavyofanya kazi, na kwa sehemu wana haki. Msimu wa kituo cha kawaida cha Marekani wakati ule ulikuwa na sehemu kama 23, kila moja dakika 42 hivi ukitoa matangazo. Arrow ilipigwa picha Vancouver, Kanada, kwa mwendo wa siku nane au tisa kwa sehemu. Wakati sehemu moja iko hewani, nyingine inahaririwa, nyingine inapigwa picha na nyingine bado inaandikwa. Kwa ratiba hiyo hakuna chumba cha waandishi kinachojua mwezi wa saba kila kitakachotokea mwezi wa nne. Kupanda mbegu bila kujua itazaa nini ni jambo la kawaida.

Tatizo ni aina ya mbegu. Ukipanda ufunguo, barua au siri ya familia, unaweza kuamua baadaye inafungua nini. Kifo hakipandwi hivyo. Kifo chenye uzito kinatoka kwa mtu mwenyewe: alichokitaka, alichokichagua, na gharama aliyokubali kulipa. Ukianza na kaburi, kila mhusika anageuka mgombea. Na kweli, kuanzia Oktoba hadi Aprili mashabiki hawakuwa wakijadili wahusika, walikuwa wakipiga hesabu. Sehemu ya kumi ilipomwonyesha Felicity akiwa hai ndani ya gari baada ya mazishi, jina moja likafutwa, watu wakaendelea kuhesabu waliobaki. Mhusika mliyeishi naye miaka minne akawa namba kwenye kamari.

Linganisheni na kifo cha Moira Queen kwenye msimu wa pili, Aprili 2014. Kwangu ndiyo dakika tano bora kabisa za tamthilia nzima. Slade Wilson, adui mkuu wa msimu huo, amemfunga Oliver, mama yake na dada yake Thea, wote wamepiga magoti usiku porini, naye anamtaka Oliver achague nani afe. Nusu msimu nyuma tulishaona kule kisiwani alikokuwa amekwama miaka ya nyuma Oliver akilazimishwa kuchagua kati ya Sara, mdogo wake Laurel, na Shado, mwanamke aliyependwa na Slade, na Shado akauawa, kwa hiyo adhabu hii ina mizizi tunayoijua. Oliver anashindwa kutamka jina. Ndipo Moira anasimama. Mikono imefungwa, lakini anainuka mwenyewe, anamwambia Thea afumbe macho, na anakufa kwa upanga akiwa wima. Huyu ni mwanamke aliyesema uongo, akashiriki njama zilizoua mamia ya watu na kuficha siri kwa misimu miwili, na kila mara sababu yake ilikuwa moja: watoto wake. Kitendo chake cha mwisho ndicho tabia yake tangu siku ya kwanza.

Sasa mtazameni Laurel, Aprili 6, 2016, sehemu ya kumi na nane ya msimu wa nne. Wako gerezani. Damien Darhk, adui mkuu wa msimu huo, amerudishiwa nguvu zake za kichawi, ananyoosha mkono na kikosi kizima kinagandishwa palepale. Laurel hawezi kusogeza hata kidole. Darhk anamkaribia, anasema huu ni ujumbe kwa baba yake, kisha anamchoma kwa mshale wa Oliver. Moira alisimama, Laurel alishikiliwa. Anayetuma ujumbe ni mwanamume, anayepelekewa ni mwanamume, silaha ni ya mwanamume wa tatu, naye Laurel ni bahasha. Uamuzi pekee waliompa katika sehemu hiyo ni kwamba alikuwa anafikiria kukubali cheo cha mwendesha mashtaka mkuu na kuvua vazi la Black Canary, jina lake la kishujaa, huku akitoka kwa kazi moja ya mwisho. Kila aliyekulia kwenye filamu anajua mtu wa kazi ya mwisho huishia wapi.

Hapa nawaomba watetezi wa Laurel wawe wakweli pia. Hakuanza kuharibiwa siku ile. Msimu wa kwanza alikuwa wakili wa wanyonge mwenye ofisi na kesi zake. Tommy Merlyn, rafiki wa Oliver aliyempenda, alipokufa akimwokoa, msimu wa pili ukamtumbukiza kwenye vidonge na pombe, na jambo hilo lilikuwa na kina, ila mara nyingi liliwekwa pembeni kama mzigo kwa wengine. Msimu wa tatu ndio ulionikera zaidi. Sara anauawa kwenye sehemu ya kwanza, na Laurel anamficha baba yake karibu nusu ya msimu kwa hoja kwamba moyo wa mzee hautahimili. Anafika hadi kutumia kifaa cha kubadilisha sauti ili azungumze na baba huyo, Quentin, kama Sara. Fikirieni baba anayeambiwa na sauti ya marehemu binti yake kwamba yote ni salama. Waandishi walikuwa wameshika jambo zito mno kuhusu huzuni na uongo wa mapenzi, wakalitumia kuvuta muda. Paul Blackthorne, aliyeigiza Quentin, alipofika kwenye tukio la kuambiwa ukweli alifanya kwa uso wake kazi ambayo maandishi hayakuifanya.

Na Felicity? Aliingia sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza kama mgeni wa siku moja: binti wa idara ya kompyuta, kalamu nyekundu mdomoni, akiletewa na Oliver kompyuta iliyotobolewa kwa risasi na maelezo kwamba imemwagikiwa kahawa. Anatazama matundu, anamtazama tajiri, na anaonyesha wazi kwamba haamini. Emily Bett Rickards aling'ara kiasi cha kurudishwa tena na tena, na msimu wa pili akawa mhusika wa kudumu. Kwa hiyo hoja ya kwamba alibebwa haisimami. Nafasi alijichumia mwenyewe, kwa kuwa mtu pekee aliyemuuliza Oliver maswali ambayo mtazamaji alikuwa anajiuliza.

Tena penzi lao lilianza kwa ufundi. Fainali ya msimu wa pili, Oliver anampeleka Felicity kwenye jumba la familia na kumwambia anampenda. Anajua Slade ana kamera mle ndani. Slade anamteka Felicity akidhani amepata udhaifu wa adui yake, kumbe Oliver amempa mkononi sindano ya dawa ya kuzima mirakuru, kemikali iliyompa Slade nguvu zake, na Felicity ndiye anayemchoma. Tamko la mapenzi lilikuwa mtego, na wakati huohuo huenda lilikuwa kweli. Hapo Felicity anafanya kazi, anahatarisha maisha, anachagua.

Linganisheni na Felicity wa msimu wa nne. Anapigwa risasi kwenye sehemu ya tisa na kupooza. Kwenye sehemu ya kumi na tano, baada ya kuwekewa kifaa alichobuni Curtis Holt, anasimama na kutembea, na hatua zake za kwanza ni za kumwacha Oliver kwa sababu alimficha habari za mtoto wake William. Sehemu sita tu! Ulemavu uligeuzwa pambo la tukio la kuachana. Halafu kwenye sehemu ya ishirini na moja analazimika kuligeuza kombora la nyuklia lisifike jiji kubwa, nalo linaangukia mji wa Havenrock na kuua maelfu ya watu. Hakuna mhusika wa tamthilia hii aliyebeba uamuzi mzito kuliko huo. Na bado machozi ya uchumba uliovunjika yalipewa dakika nyingi kuliko Havenrock. Jambo hilo liliguswa kwa maana mwanzoni mwa msimu wa tano, alipokiri mbele ya Rory Regan, mtu aliyenusurika mji ule, kisha likafifia. Wanaomchukia Felicity kwa ajili ya mahaba hawajaona kwamba yeye ndiye wa kwanza kuporwa na mahaba hayo.

Hoja ya vitabu vya katuni naipitia haraka, maana haina nguvu. Ni kweli Green Arrow na Black Canary ni wapenzi wa miaka mingi kwenye vitabu vya kampuni ya DC. Lakini John Diggle, mlinzi na mshirika wa Oliver, alibuniwa kwa ajili ya tamthilia hii, na Felicity Smoak wa vitabuni ni mwanamke aliyeolewa na baba yake shujaa Firestorm. Kama mliyakubali hayo, hamuwezi kuyafanya maandiko ya katuni kuwa sheria siku ya harusi tu.

Kwa nini basi walihitaji kaburi? Sisi tunasema stelingi hafi, na kila mtazamaji anakubali mkataba huo akikaa mbele ya runinga. Arrow iliuongeza mkataba hadi kwa jamaa zake. Kwenye msimu wa tatu Oliver anachomwa upanga na Ra's al Ghul, mkuu wa kundi la wauaji, na kusukumwa kutoka mlimani, anarudi. Roy Harper, msaidizi wake, anazushiwa kifo gerezani, yuko hai. Thea anachomwa, anazamishwa kwenye dimbwi la Lazarus, maji yanayorudisha uhai, anafufuka. Msimu wa nne Sara anafufuliwa kwa dimbwi hilohilo, na Januari 2016 yuko kwenye tamthilia mpya ya Legends of Tomorrow. Hata Andy, ndugu yake Diggle aliyeliliwa tangu msimu wa kwanza, akaonekana anatembea. Kifo kilipoisha thamani namna hiyo, chumba cha waandishi kilitafuta kifo kimoja cha kweli cha kurudisha hofu. Na nikubali, waliandaa vizuri jambo moja: Nyssa, binti wa Ra's, aliliharibu dimbwi mapema msimuni, hivyo hakuna aliyeweza kuuliza kwa nini Laurel asipelekwe huko. Mlango waliufunga kwa makini. Aliyekuwa nyuma ya mlango ndiye hawakumwandalia kitu.

Kinachoniumiza ni kwamba uwezo ulikuwepo. Katie Cassidy alirudi kama Laurel wa dunia nyingine, Black Siren, kwanza kwenye The Flash Mei 2016 na baadaye ndani ya Arrow. Mwigizaji yuleyule, uso uleule. Safari hii alikuwa na tamaa zake, alifanya maovu kwa hiari, alimsaliti Quentin kisha akajikuta anahitaji ubaba wake, na akabadilika polepole kwa gharama. Anayesema Cassidy hakuweza kuigiza aitazame misimu ya sita na saba, ndipo arudi tubishane.

Mkitaka ubishi huu uzae kitu, fanyeni hivi. Chukueni sehemu moja, gawanyeni karatasi safu tatu: mhusika anataka nini, anachagua nini, kinamgharimu nini baada ya sehemu mbili au tatu. Msijaze kwa kumbukumbu, tazameni upya. Kwa Moira safu zote tatu zinajaa, na gharama inamfuata Thea hadi kwa Malcolm Merlyn, baba yake mzazi. Kwa Adrian Chase, adui mkuu wa msimu wa tano, zinajaa pia, na sehemu ya kumi na saba, ambapo anamtesa Oliver mpaka akiri kwamba aliua kwa sababu alipenda kuua, ni ushahidi kwamba tamthilia hii iliweza kurudi kwenye miguu yake. Kwa Laurel, sehemu ya kumi na nane, safu ya katikati itabaki karibu tupu.

Hata wosia wake hakuachiwa. Akiwa kitandani hospitalini anamwambia Oliver kwamba anajua yeye hakuwa penzi la maisha yake, ila Oliver ndiye penzi lake yeye, dakika zake za mwisho zikitumika kuwabariki wengine. Kisha anamwomba ahadi moja, na tukio linakatwa kabla hatujaisikia. Tulisubiri hadi Oktoba 2016, msimu wa tano unafunguliwa, ndipo tukaambiwa alichoomba: asiwe Canary wa mwisho. Ombi moja, la kwake mwenyewe, kuhusu kazi yake mwenyewe, na waandishi wakaliweka kabatini miezi sita ili liwe fumbo la Oliver. Katika sehemu ileile sanamu yake ikazinduliwa mbele ya umma.