Kuzaliwa Hivyo Hakujamwokoa Mtu

Kuna kauli nimeisikia mara nyingi hadi inanipandisha presha, na juzi imetoka tena, safari hii kwa mtu msomi, mwenye watoto, tena kwa sauti ya upole kabisa: "Wakishaipata hiyo jeni ya ushoga, mambo yamekwisha. Mama anapimwa mimba ikiwa changa, anaamua mwenyewe." Waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Mambo yamekwisha! Utadhani tunazungumzia bomba linalovuja.

Lakini aliyenikera zaidi ni yule aliyedhani anawatetea. "Afadhali ipatikane," akasema, "watu wajue wanazaliwa hivyo, wawaache kwa amani." Yaani mmoja anaisubiri maabara imwondolee mashoga, mwingine anaisubiri iwaletee huruma.

Sayansi yenyewe niipitie haraka. Mwaka 1993 Dean Hamer, mtafiti wa vinasaba wa Marekani, na wenzake walichunguza jozi 40 za ndugu wa kiume, wote mashoga, wakakuta jozi 33 wana alama zinazofanana kwenye kipande kiitwacho Xq28 cha kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba, yaani jeni. Magazeti yakashangilia. Mwaka 1999 watafiti wengine wakachunguza kipande hichohicho, wasione kitu. Mwaka 2019 ukaja utafiti wa watu karibu nusu milioni, na jeni moja ya ushoga haikuonekana. Kilichoonekana ni vijitofauti vingi mno, kila kimoja na mchango wake mdogo, ambavyo hata ukivijumlisha vinaeleza asilimia 8 hadi 25 tu ya tofauti kati ya watu. Waandishi wenyewe walisema wazi kwamba huwezi kuvitumia kumtabiria mtu mmoja. Na pacha wa kufanana, waliogawana vinasaba vilevile, mara nyingi mmoja huwa hivi na mwenzake vile.

Haya, sasa tuseme kesho ipatikane. Jeni moja, safi, isiyokosea. Ule utetezi wa "wamezaliwa hivyo" utamsaidia nani?

Nani amezaliwa hivyo kuliko mtoto wa kike? Hakuna anayebisha. Hakuna mhubiri aliyewahi kudai kwamba msichana aliiga usichana kwenye televisheni, wala mwanasiasa aliyesema ni utamaduni wa kuletwa na wageni. Kromosomu zake zinasomeka bila utata wowote. Na zimemletea nini? Mwaka 1990 mwanauchumi Amartya Sen aliandika kwamba zaidi ya wanawake milioni 100 waliopaswa kuwa hai duniani hawapo, wengi kwa sababu walinyimwa chakula na matibabu waliyopewa kaka zao. Kisha mashine za altrasaundi zikasambaa, na kazi iliyokuwa ikifanywa polepole baada ya kuzaliwa ikahamia kabla. India ikalazimika kupitisha sheria mwaka 1994 ya kuzuia wazazi kupimiwa jinsi ya mtoto aliye tumboni, na hata hivyo wasichana wakaendelea kupungua. Hakuna mzazi aliyesema, "Kumbe hakuchagua kuwa wa kike, basi tumwache." Kipimo hakikubadilisha moyo wa mtu yeyote. Kiliukuta moyo umeshahukumu, kikauonyesha pa kupiga.

Ualbino nao ni wa vinasaba, kila mtu anajua. Wenye ualbino wamewindwa vilevile.

Kwa hiyo ninyi mnaowatetea mashoga kwa hoja ya kuzaliwa, tafadhali tafuteni nyingine. Mtu mzima anayempenda mtu mzima mwenzake hahitaji cheti cha maabara ili aachwe aishi. Na siku mkikipata hicho cheti, wa kwanza kukiomba nakala hatakuwa rafiki yenu.

Kuna wanaosema suala hili ni uhuru wa mzazi tu. Mwaka 2001 Aaron Greenberg na Michael Bailey, Wamarekani, waliandika kwamba mzazi kuchagua mwelekeo wa kimapenzi wa mwanawe hakuna ubaya wenyewe, maana hakumdhuru mtu. Kwenye karatasi inapendeza. Nionyesheni basi mzazi mmoja atakayelipia kipimo ili awe na uhakika wa kupata shoga. Chaguo ambalo kila mtu anatarajiwa kulijibu vilevile, na jirani anasubiri jibu, na sheria nayo inasubiri, mimi siliiti uhuru.

Nakubali, shingo upande, kwamba si vipimo vyote ni vya kulaaniwa. Aliyemzika mtoto mmoja kwa selimundu akaogopa kumzika wa pili, sina la kumwambia. Wala sitaki mjamzito yeyote afungwe kwa uamuzi alioufanya juu ya mwili wake.

Na yupo mama anayesema, "Simchukii, sitaki tu ateseke." Huyu namwelewa, na namwonea uchungu. Lakini mama, atateswa na nani? Watesaji tunawajua kwa majina. Ni mjomba, mwalimu, polisi, mwandishi wa sheria. Kipimo kinawaacha hao wote mahali pao na kumwondoa mtoto.

Msinifariji pia kwamba sayansi haijafika huko, kwa hiyo tulale. Biashara haijawahi kuisubiri sayansi. Utafiti ule wa 2019 haukumaliza hata miezi miwili kabla Mmarekani mmoja aliyekuwa akiishi Kampala, ndiyo, Kampala, hajatoa programu ya kumpimia mtu kiwango cha ushoga kutokana na vinasaba vyake, kwa dola 5.50. Watafiti wakapiga kelele, watu wakasaini malalamiko, ikaondolewa. Leo zipo kampuni zinazowauzia wazazi alama za viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, kabla ya kupandikizwa tumboni, za magonjwa na kwa baadhi hata za akili. Kuongeza safu moja ya ushoga kwenye jedwali la alama hizo ni kazi ya mchana mmoja, na alama ikiwa ya uongo nani atajua? Kiinitete kilichotupwa hakirudi kulalamika.

Anayebaki ni yule aliyefaulu mtihani wa kipimo. Huyo atazaliwa na alama yake nzuri, atafika miaka 20, kisha atampenda wa jinsia yake, kwa sababu asilimia ni asilimia. Wazazi wake watamwambia nini? Au watapeleka risiti kudai fedha zao?