Kompyuta Yangu Ilivyohamia Marekani Bila Kuniaga

Aisee waifai kupotea sio habari, ila hii ya kwangu ilikuwa inapotea jioni tu. Asubuhi nikiwasha laptopu inaiona vizuri kabisa, mchana napiga kazi zangu, ikifika jioni nikiizima na kuiwasha tena basi jina la waifai yangu halimo kwenye orodha, yaani sio kwamba ipo halafu inagoma kuunganika, HAIPO. Za majirani zote zipo. Kuna printa ya mtu nisiyemjua inarusha jina lake hewani kwa raha zake, nayo ipo. Yangu tu ndo hamna, na ruta iko hapo hapo mezani, taa zinawaka, ukinyoosha mkono unaigusa.

Halafu simu inaiona! Mdogo wangu yuko kwenye hiyo hiyo waifai, kajilaza kwenye kochi anaangalia video, ananiambia "kaka si utumie simu tu." Nikanyamaza, maana najua sentensi inayofuata ni ipi, ni ile ya "ndo maana nilikwambia usitoe Windows ukaweka Linux," na mimi ile sentensi jioni hiyo nisingeibeba.

Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandika amri. Draiva ipo, kadi inaonekana, hakuna kilichofungwa. Nikaandika iw list nione kadi inasema inaweza nini, nikashuka na ile orodha ndefu mpaka nikafika pameandikwa 2472 MHz [13] (disabled), yaani namba 13 imezimwa. Kumbe ruta, kwa vile iko otomatiki, ilikuwa imetafuta pa kutulia ikaona chaneli za chini, zile njia za hewani waifai inazopitia, zimejaa watu, ikajihamishia chaneli 13. Sasa hizi chaneli za GHz 2.4 zina mambo yake. Ya 1 iko MHz 2412, kila moja inapanda kwa MHz 5, ya 13 ndo hiyo 2472, na kila nchi ina mamlaka yake inayosema mwisho ni wapi. Marekani vifaa vinaishia 11. Sehemu nyingi za dunia unafika 13. Japani wana mpaka ya 14, ambayo hata wao wenyewe wanairuhusu kwa ile waifai ya kizamani ya 802.11b tu. Linux inazifuata hizi sheria nchi kwa nchi, na ikiamini chaneli fulani hairuhusiwi hapo ulipo haitaki hata kuisikiliza, kwa hiyo kwake waifai yangu haikuwahi kuzaliwa.

Swali likawa inaamini tuko wapi. Nikaandika iw reg get, amri ya kuuliza nchi. Juu pameandikwa global, country 00, hiyo ni sawa, 00 ni "sijui niko wapi kwa hiyo nakaa kwa adabu." Chini yake, kwa kadi yenyewe, pameandikwa phy#0 (self-managed), country US.

US! Mimi ambaye pasipoti sina.

Nikasema hii ndogo, nikapiga iw reg set na herufi mbili za nchi yangu, nikaangalia tena. Pale juu pamebadilika vizuri. Pale chini, kwa kadi yenyewe, bado US. Nikarudia. US. Hakuna kosa lililotokea wala onyo, inapokea amri kama mtoto anayeitwa na mama yake akaoshe vyombo, "abee," halafu hanyanyuki.

Nikaingia kutafuta miongozo. Wa kwanza unasema hariri /etc/default/crda, faili lenyewe sina. Wa pili unasema sakinisha CRDA kwanza, ile programu ya zamani iliyokuwa inaipa Linux sheria za nchi, nayo haipo kwenye hazina ya programu, maana tangu kerneli (moyo wa Linux) 4.15 ya mwaka 2018 kerneli inajisomea yenyewe faili la sheria hizo, regulatory.db, na CRDA ikakosa kazi, ila watu wameacha miongozo yao hapo hapo inaendelea kuhangaisha vizazi. Wa tatu, huyu ndo nilimpenda, anasema kwa kujiamini kabisa weka BO, Bolivia, wale wanaruhusu nguvu ya kurusha ya dBm 30. Hiyo ni wati 1 nzima wakati wengi tunaishia dBm 20, yaani miliwati 100. Kadi ya laptopu haina hata huo ubavu wa kurusha wati 1, utaiambia uko Bolivia au uko mwezini itarusha kile ilichojaliwa. Lakini ilikuwa usiku na nilikuwa nimechoka, nikaweka BO.

Matokeo: nusu ya kompyuta iko Bolivia, nusu nyingine iko Marekani, mimi niko sakafuni, na waifai haipo.

"Imekubali?" mdogo wangu anauliza bila kutoa macho kwenye simu.

"Usiniongeleshe."

Kesho yake nikampigia rafiki yangu mmoja anayekula na kulala na hivi vitu. Nikamsomea lile neno self-managed, akacheka sana, kicheko cha mtu aliyeshawahi kulia hapo. Akanieleza kwamba kadi za namna hiyo haziko chini ya kerneli kwenye hili suala, zina sheria zake ndani ya programu yao wenyewe, kwa hiyo iw reg set unamwambia mtu ambaye sio mwenye nyumba. Na wanachofanya ni kusikiliza mitandao ya jirani, maana ruta nyingine kila zinapotangaza jina lake zinatangaza na nchi zilipo, kadi ikisikia inachukua hiyo. Halafu akauliza, "hapo kwako nani anatangaza Marekani?"

Nikasubiri jioni. Nikapiga sudo iw dev wlan0 scan, nikachuja mistari ya SSID (jina la waifai) na Country. Ruta yangu, kama kawaida, haipo. Printa haisemi nchi. Wote kimya, isipokuwa mmoja, mawimbi yake yana nguvu kuliko ya wote: Country: US. Jina lake nalijua. Ni mzee wa nyumba ya upande wa pili wa ukuta, ambaye asubuhi akitoka huwa anazima kila kitu ukutani, na jioni akirudi anawasha kila kitu. Yaani mzee akirudi nyumbani, kompyuta yangu inahama nchi.

"Si ubadilishe tu chaneli ya ruta yetu?" akasema mdogo wangu. Wazo zuri. Nywila ya ruta yetu aliondoka nayo fundi aliyetufungia, na simu yake haipatikani. Kwa hiyo ikabidi niende kwa mzee.

Jamani hakuna namna nzuri ya kuanza yale mazungumzo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Samahani mzee, nimekuja kwa ajili ya waifai yako."

Akavua miwani. "Kumbe unatumia waifai yangu?"

"Hapana mzee, siitumii, naisikia tu."

"Unaisikia."

"Kompyuta ndo inaisikia."

"Inasikia nini?"

"Ruta yako inasema tuko Marekani."

Mzee akaniangalia kwa muda. Akageuka akaita ndani, "Mama, hebu njoo umsikie huyu kijana." Mama akaja na kitambaa cha mikono, nikatakiwa kurudia kuanzia mwanzo. Nikarudia. Mama akauliza, "na wewe ukaiamini?" Nikasema mimi sijaiamini mama, ni kompyuta. Akatikisa kichwa akarudi ndani, na nikasikia anamwambia mtu kwamba hawa watoto hawalali.

Mzee bahati nzuri ni mtu wa kutaka kujua. Akampigia mpwa wake aliyemfungia ile ruta, akaweka sauti ya nje. Kumbe dogo alifuta programu iliyokuja na ruta akaweka OpenWrt, programu huria ya ruta, na mipangilio yote akaikopi kwenye mwongozo fulani jinsi ilivyo, pamoja na ule mstari wa option country 'US'. "Anko, si inafanya kazi lakini?" Mzee akasema kwake inafanya kazi, ila inamsumbua kijana wa watu. Dogo akaanza kumwelekeza ukurasa wa mipangilio ulipo, mzee akamkatiza, akasema nitumie picha nitabadilisha mwenyewe, mimi sio mtoto.

Nikajitolea kusaidia. Akakataa. Nikaaga.

Usiku huo akaniita kwa juu ya ukuta, sauti ya ushindi kabisa: "Nimetoa Marekani! Kaangalie!"

Nikawasha laptopu, waifai yangu hiyo hapo, ya kwanza kwenye orodha. Nikaunganika. Roho ikatulia, nikasema hebu nijiridhishe, nikapiga iw reg get, nikasoma pale chini kwenye phy#0.

Country AL.

Mdogo wangu akaja kuchungulia begani. "Imekubali?"

"Imekubali."

"Sasa hivi tuko nyumbani?"

"Tuko Albania." Mzee kwenye ile orodha ndefu ya nchi hakufika mbali na herufi A, ila Albania nao wanaruhusu chaneli 13.

"Na intaneti ipo?"

"Ipo."

"Basi tukae huko huko, usimwambie kitu."