Mzee si ramani ya bure

Bunduki ziliponyamaza kaskazini mwa Uganda mwaka 2006, baada ya serikali na waasi wa Joseph Kony kutia saini Juba makubaliano ya kusitisha mapigano, watu wa Acholi walianza kurudi makwao polepole. Vita vilipokuwa vimepamba moto, waliohama makazi yao kaskazini walikaribia milioni 1.8. Kijana aliyezaliwa katika kambi za waliohama alikuwa "anarudi" mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Nani wa kumwonyesha shamba la babu yake linaishia wapi?

Ni mzee. Sehemu kubwa ya ardhi ya Acholi ni ya kimila, haina hati. Mpaka ni mti, kichuguu au kijito, na baada ya miaka ya kutolimwa msitu ulikuwa umevifunika. Basi mzee alishikwa mkono, akapelekwa vichakani, akaulizwa. Alichokumbuka ndicho kilichokuwa hati. Na wazee wa ukoo wakiwa wamefia kambini, jirani alisema lake na mwenzake lake, kesi ikawa haina shahidi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Kambi zilipofungwa, miongoni mwa waliobaki nyuma, pamoja na wagonjwa na walemavu, walikuwa wazee haohao. Nyumba haijijengi: inataka mtu wa kukata miti na kuezeka nyasi, na mwana aliyetegemewa ameuawa, au alitekwa akiwa mtoto na hakuonekana tena. Bibi wengi walibaki wakilea wajukuu.

Penye wazee haliharibiki neno, tunapenda kusema. Sawa. Ila methali hiyo haisemi ni nani anayemtekea mzee maji.

Siwezi kusema Uganda imekaa tu. Upo mpango wa ruzuku kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi. Katika wilaya za majaribio ulianzia miaka 65, na katika eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki, miaka 60, kwa kuwa huko watu hawaishi sana. Lakini ulipopanuliwa nchi nzima, kigezo kikapandishwa hadi miaka 80.

Tupige hesabu. Aliyezaliwa 1960 alikuwa na miaka 26 vita vilipoanza 1986, na 46 vilipotulia. Hiyo ndiyo miaka ya kulima, kufuga na kusomesha watoto, na yote ilimpotea. Ng'ombe, ambao ndio waliokuwa benki ya Mwacholi, waliporwa mapema kabisa. Mtu huyo, kwa kigezo cha 80, anasubiri hadi 2040. Mwenzake wa mahali palipokuwa na amani anaweza kusubiri akiwa na shamba na wana. Huyu atasubiri na nini?

Kwa maoni yangu, maeneo yaliyopigwa na vita yawekewe umri wa chini, kama Karamoja ilivyofikiriwa. Nitaambiwa fedha hazitoshi. Labda. Basi tuanze na dogo: kila baraza au mahakama inayomwita mzee aje kuonyesha mpaka imlipe nauli na posho ya siku, kama mpimaji ardhi anavyolipwa. Mpimaji huja na vifaa vyake na huondoka na malipo. Mzee huja kwa miguu, huketishwa kiti cha mbele, na jioni hurudi kwa miguu.